Hati, Ati, Kopa

Usiku wangu wa kwanza wodi ya saba, Barnsley,
daktari aliinama juu ya kitanda cha mzee Wilf Oldroyd
akasema, polepole, kama mtu anayevua kiatu chenye tope,
kwamba hati yake imechakaa.

Nami, beseni mkononi, nikashtuka.
Mtu aliyepanga foleni Sheffield tangu alfajiri
na picha nne na alama za vidole vyote kumi,
akisikia hati, hasikii nyama.
Nikawaza: masikini, hata huyu,
aliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa,
naye makaratasi yamemwishia muda?

Kumbe ni moyo.
Ndivyo Kiingereza kinavyouita
ukikisikiliza kwa sikio langu.

Na Wilf mwenyewe, kama wengi wa bonde lile la makaa,
herufi ya kwanza huimeza. Kwake si hati, ni ati.
"Ati yangu," anasema, kidole kifuani,
nami nasubiri amalizie.
Ati nini? Ati nani kasema?
Hata moyo, huku, ni tetesi.

Miezi ikapita, nikaokota matumizi yake
kama vifungo sakafuni.
Sokoni Maud Thackray anauza moyo wa letusi,
yale majani ya ndani, meupe, yasiyolijua jua.
Moyo wa mji wameumwagia lami:
ni maegesho, pauni mbili kwa saa.
Kiungulia wanakiita moto wa moyo,
kosa la tumbo, kesi kapewa jirani.
Dereva wa basi huniita moyo-mtamu;
jina langu halijui,
na nauli anataka kamili.

Na ukivunjika? Hapo njia zetu zikaachana.
Kwetu aliyevunjika moyo ni aliyeacha kujaribu,
mwanafunzi aliyefeli mara ya tatu,
timu iliyofungwa tano.
Kwao lazima pawe na mtu aliyeondoka.
"Enid aliuvunja wangu," Wilf alisema,
"mwezi wa pili, kwa kufa."
Nikamwambia: sisi, uchungu kama huo hukata maini.
Akatulia. Miaka arobaini na sita
alisimama buchani, kwenye duka la baba yake.
"Maini ni rahisi kukata," akasema.
"Ini halina ubishi.
Moyo ndio unaorudisha kisu."

Saa tisa za usiku, karata juu ya meza ya magurudumu,
akatupa bibi mwekundu.
Hii, nikasema, kwetu ni kopa.
"Kopa ndiyo nini?"
Kuchukua cha mtu ukiahidi kurudisha.
Alicheka hadi mashine ikalia,
nesi Pritchard akaja mbio, viatu vikilalamika.

"Nimepasua maelfu," alisema pumzi iliporudi,
"ya kondoo, ya ng'ombe, na paa wachache wa wizi.
Hakuna hata mmoja wa umbo hili."
Akakunja ngumi, akaishika mbele ya taa.
"Hivi. Na mafuta juu,
kama kofia iliyokaa upande."

Alhamisi akaruhusiwa. Sikuwa zamu.

Jumatatu mwanawe akaleta mfuko wa karatasi,
unyevu chini, mzito kuliko ulivyoonekana.
Mioyo miwili ya kondoo, na maelezo kwa penseli:
toa mishipa, jaza kitunguu na makombo ya mkate,
moto mdogo, saa tatu, usiharakishe.
Nje wamebandika stakabadhi:
mioyo miwili, imelipwa.

Nikapika.
Harufu ikapenya kwa Bi Sowerby.
Akagonga ukuta,
halafu akagonga mlango, sahani mkononi.
Saa tatu hazikutosha.
Tukaongeza nusu.